Aliyepima Kina cha Bahari ya Barafu, na Wageni wa Kibondo na Kasulu

Wazee wetu wa pwani wamesema: "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Nahodha wa zamani alipoikaribia bandari asiyoijua hakuridhika kuyatazama maji kwa macho. Alimwamrisha baharia atie bildi, kamba ikashuka pima baada ya pima mpaka risasi ikagusa chini, na hapo ndipo alipojua kama chombo kitapita au kitapanda mwamba. Uso wa maji hausemi ukweli wote.

Leo tunakuletea khabari ya mtu aliyetia bildi mahali ambapo hakuna aliyewahi kutia kabla yake, katika bahari iliyofunikwa na barafu karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Kisha tutakuonyesha jinsi jina lake lilivyokuja kufungamana na milima ya Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, mbali kabisa na bahari. Mwenyezi Mungu huunganisha mambo ambayo sisi tunayaona yametengana, na mwenye kuzingatia hapati hasara.

MELI ILIYOFUNGWA NA BARAFU

Mtu huyo ni Fridtjof Nansen wa Norwei, aliyezaliwa mwaka 1861. Mwaka 1881 meli ya Kimarekani iitwayo Jeannette ilisagwa na barafu kaskazini ya Siberia. Miaka mitatu baadaye vitu vyake vikaokotwa katika pwani ya Greenland, upande wa pili kabisa. Nansen akafikiri: ikiwa mkondo umevichukua vipande hivi mpaka huku, basi utaichukua na meli nzima, mradi isivunjike. Fundi Colin Archer akamjengea meli iliyoitwa Fram, yenye mbavu za mviringo, ili barafu ikiibana iinyanyue badala ya kuipasua. Wataalamu wengi walilipinga wazo hilo. Fram iling'oa nanga mwaka 1893 ikiwa na watu 13, ikaganda katika barafu mwezi wa Septemba, ikachukuliwa polepole karibu miaka mitatu, na Agosti 1896 ikatoka salama.

Muda wote huo walikuwa wakipima. Watu wengi walidhani bahari ile ni ya kina kifupi, lakini kamba walizochukua hazikugusa chini. Basi mabaharia wakachukua kamba nene ya chuma ya meli, wakaifumua nyuzi zake katika baridi kali, wakazisokota upya mpaka wakapata uzi wa urefu wa kutosha. Ndipo walipojua kwamba chini yao pana maji ya zaidi ya mita 3,000.

Kupima joto la maji ya chini ni kazi ngumu kuliko kupima kina. Ukishusha kipimajoto cha kawaida kisha ukakivuta, kitapita katika maji mengine kabla ya kufika mkononi mwako, na kila maji yatakibadilisha. Kikifika juu kitakupa khabari za njiani, si za chini. Katika miaka ya 1870 mafundi Negretti na Zambra wa London walibuni kipimajoto cha kupinduka. Mrija wake umebanwa mahali pamoja kama shingo. Kikishafika chini na kutulia hupinduliwa kichwa chini miguu juu, na uzi wa zebaki hukatika pale penye shingo. Kiasi kilichokatika hakirudi tena. Hata kikipita katika maji ya namna gani wakati wa kupanda, kile kilichoandikwa chini ndicho kitakachosomwa juu.

Zingatia mfano huo, ndugu yangu. Shahidi mwema naye ni hivyo: husema lile aliloliona pale alipokuwapo, wala hageuzwi na yale anayoyapita njiani, vitisho vya huyu na zawadi za yule.

Na Nansen aliona nini? Juu maji yalikuwa ya baridi kali, chini ya nyuzi sifuri. Lakini kuanzia kiasi cha mita 200 kwenda chini, yalikuwako maji yenye joto la juu ya sifuri. Yalikuwa maji ya Atlantiki, yenye chumvi nyingi na kwa hiyo mazito, yaliyopenya chini ya barafu bila ya mtu yeyote kuyajua. Chini ya ule uso uliokufa kwa baridi palikuwa na uvuguvugu. Wala Nansen hakujivuna kwa hayo. Aliporudi alikiri kwamba vyombo vyake havikuwa sahihi vya kutosha, akajitahidi kuvitengeneza upya. Chupa ya kutekea maji ya kina inayoitwa kwa jina lake ilitumika katika meli za utafiti kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini.

ZIWA LILILO CHINI YA MILIMA YA BUHA

Sasa tugeuke tuje kwetu. Kibondo na Kasulu ni nchi ya Waha, nchi ya vilima, maharage na mahindi. Mito yake mingi huingia Malagarasi, na Malagarasi humimina maji yake katika Ziwa Tanganyika, kusini ya Ujiji. Mazao hushuka kwenda Kigoma, na dagaa wakavu hupanda kwenda masoko ya milimani. Kwa hiyo mtu wa Kasulu ambaye hajapata kupanda mtumbwi naye ni mtu wa ziwa, kwani kitoweo chake kimetoka humo.

Livingstone alishusha kamba katika ziwa hilo mbele ya mlima wa Kabogo. Ikafika pima 326, na ilipokuwa ikivutwa ikakatika, wala hakujua kama iligusa chini. Leo tunajua kwamba kina cha ziwa hufika mita 1,470. Halafu, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuja tabibu wa Kibelgiji aitwaye Louis Stappers. Alikuwa amekwisha kuandika juu ya viumbe vilivyovuliwa katika bahari ya barafu na meli Belgica mwaka 1907. Elimu aliyoizoea kwa viumbe vya barafu akaja kuitumia katika ziwa la nchi ya joto. Alipima kina, na vipimo vya joto vya mwaka 1913 vikaandikwa na kuhifadhiwa. Samaki wetu migebuka katika vitabu vya elimu ameitwa kwa jina lake, Lates stappersii.

Vipimo hivyo vilikaa vitabuni miaka tisini. Mwaka 2003 makundi mawili ya wataalamu, moja likiongozwa na Piet Verburg na jingine na Catherine O'Reilly, yalitangaza matokeo ya kulinganisha vipimo vya zamani na vipya. Ziwa limepata joto, na tabaka la juu limezidi kuliko la chini. Usidharau tofauti ya nyuzi chache. Maji yakiwa na joto la nyuzi 23 au 26, ongezeko dogo tu huyafanya mepesi zaidi kuliko ongezeko kama hilo lingefanya katika maji ya baridi. Tabaka jepesi hukaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo wa kusi hushindwa kuyachanganya. Rutuba ya chini haipandi, vijimea vya majini hupungua, na dagaa hukosa chakula. Kundi la O'Reilly lilikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea huenda umepungua kwa asilimia 20 hivi. Wengine walijibu kwamba nyavu zetu nyingi nazo zina lawama. Hapana shaka yote mawili yanahitaji kutazamwa, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana.

Lau yule tabibu angeandika vipimo vya uongo au vya kubahatisha, nani angemjua? Hakuna aliyekuwa akimchungulia. Lakini wajukuu wa wavuvi wa Kigoma wangekosa ushahidi juu ya riziki yao. Sura nzima ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, imeanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Sisi hudhani onyo hilo ni la muuza mchele na kibaba chake peke yake, kumbe ni la kila mwenye kupima.

KUTOKA KUPIMA MAJI HADI KUPIMA HALI ZA WATU

Baada ya Vita vya Kwanza, Nansen aliacha kalamu ya utafiti akashika kazi nyingine. Shirikisho la Mataifa lilimtuma mwaka 1920 awarejeshe makwao mateka wa vita, na zaidi ya watu 400,000 wakarejea. Mwaka 1921 akafanywa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi. Akakuta watu wengi wamenyang'anywa uraia wao. Hawana karatasi, kila mpaka unawafukuza, kana kwamba hawakuzaliwa. Mwaka 1922 ikatolewa hati iliyokuja kuitwa pasipoti ya Nansen, kwanza kwa wakimbizi wa Urusi kisha kwa Waarmenia na wengineo, na serikali zaidi ya 50 zikaikubali. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 1930.

Hatutaki kumsifu mtu kupita kiasi. Nansen alikuwa na mkono katika mpango wa mwaka 1923 wa kubadilishana watu baina ya Ugiriki na Uturuki, uliowang'oa Waislamu wa Ugiriki na Wakristo wa Uturuki katika nyumba za baba zao kwa nguvu ya mkataba. Walioupanga walisema ndiyo njia ya kuzuia mauaji. Lakini waliong'olewa hawakuulizwa. Basi hata mpimaji hodari huweza kukosea anapopima nyoyo za watu.

WAGENI WA KIBONDO NA KASULU

Tangu 1954 Umoja wa Mataifa umekuwa ukitoa tuzo kwa jina la Nansen kwa waliowatendea wema wakimbizi. Mwaka 1983 tuzo hiyo alipewa Mwalimu Julius Nyerere. 

Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji wakavuka mpaka. Wengi walihamishiwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakapewa ardhi wakalima, na miaka mingi baadaye zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao wakapewa uraia wa Tanzania. Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, wakaja tena kwa maelfu. Mwaka 1996, vita vilipowaka mashariki ya Kongo, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Warundi wakamiminika katika kijiji cha Kagunga, ukingoni mwa ziwa, na kipindupindu kikaingia. Iliyowachukua mpaka Kigoma ni MV Liemba, ile meli kongwe iliyoundwa na Wajerumani na kuzamishwa nao wenyewe mwaka 1916, kisha ikaopolewa. Kutoka hapo walipandishwa milimani mpaka Nyarugusu, na baadaye Nduta huko Kibondo.

Mgeni huyu aliwafikia Waha akisema lugha wanayoisikia, kwani Kiha na Kirundi ni ndugu. Lakini udugu wa lugha hauoti kuni. Miti ilikatwa, maji yakagombaniwa, bei sokoni zikapanda na kushuka, na pengine ujambazi ukaingia. Wenyeji walikuwa maskini kabla ya mgeni kufika. Mwenye kusema kwamba ukarimu ni kazi nyepesi hajawahi kulaza wageni.

MAZINGATIO

Ndugu msomaji, sisi wa pwani tunayasikia haya kwa mbali. Lakini njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa yetu. Ilipitisha dini na lugha hii tunayoandikia, na tusifiche, ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo. Basi tuna deni na nchi ile.

Na sisi ni umma ulioanza kwa ukimbizi. Masahaba wa mwanzo walikimbilia Habash, na mfalme Najashi hakuwarudisha kwa waliokuja na zawadi kuwadai. Alimwacha Jaafar bin Abi Talib aseme, akamsikiliza mpaka mwisho, ndipo akahukumu. Hakuamua kwa uso wa mambo. Huko Madina, Saad bin Rabii alimwambia Abdurrahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Mwenyeji alitoa bila kusimbulia, na mgeni akapokea bila kubweteka. Wazee wetu nao walisema mgeni ni wa siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu husema methali hiyo kwa kumchoka mgeni, lakini jembe pia ni heshima: kumpa mtu jembe ni kumpa ardhi ya kulima na jina la kuitwa. Mgeni anayelishwa miaka ishirini bila ruhusa ya kufanya kazi hakukirimiwa, amewekwa tu.

Kwa hiyo tukisikia neno "wakimbizi" tusitosheke na lile tunaloliona juu, umati na mahema na makosa ya wachache. Tutie bildi. Tuulize mtu huyu ametoka wapi, ameacha nini, na yule Muha aliyempisha kwenye kisima chake amelipwa nini. Tukipima, tupime kwa haki kwa wote wawili, wala tusimpunje mwenyeji kwa ajili ya mgeni, wala mgeni kwa ajili ya mwenyeji. Huenda chini ya uso wa baridi tukakuta uvuguvugu ambao hatukuujua.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika vipimo vyetu, na atupe nyoyo zenye nafasi. Wabillahi tawfiq.