Kutoboka kwa mfuko wa uzazi

Ni jeraha linalotokea kifaa cha tiba kinapopenya ukuta wa mfuko wa uzazi, hasa wakati wa kusafisha kizazi baada ya mimba kuharibika au kuweka kitanzi. Mfuko uliolalia nyuma, au wa mama aliyejifungua karibuni, hutoboka kwa urahisi zaidi. Kifaa kikizama kupita kina kilichopimwa, kazi husimama papo hapo. Tundu dogo lililotobolewa na kipimio, yaani kifaa cha kupima kina cha mfuko, mara nyingi hujifunga lenyewe. Mgonjwa hufuatiliwa mapigo ya moyo, shinikizo la damu na maumivu. Lakini ikiwa tundu limetobolewa na bomba la kunyonya lililokuwa likivuta, hali ni nzito: utumbo huenda umejeruhiwa, na tumbo lichunguzwe kwa upasuaji bila kusubiri dalili. Anayeruhusiwa kwenda nyumbani aelezwe wazi kilichotokea, na arudi haraka akipata homa, tumbo kuuma sana au kutokwa na damu nyingi.