Mkaaji si mwenye nyumba: kutoka Galerie d'Ixelles hadi bandari ya Dar es Salaam

Leo tunazungumzia maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa, lakini mbele ya hakimu yana uzito tofauti kabisa. Nayo ni kukalia, kuhodhi na kumiliki. Tutaanzia Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, tuingie Kongo, kisha tuteremke hadi Kigoma na Dar es Salaam.

Karibu na lango la kale la Porte de Namur, katika manispaa ya Ixelles, kuna ushoroba wa maduka wenye paa uitwao Galerie d'Ixelles. Ushoroba huo unaunganisha barabara mbili, Chaussée d'Ixelles na Chaussée de Wavre. Huo ndio moyo wa mtaa ambao watu wote huuita Matonge, kwa jina la mtaa wenye shamrashamra ulioko katika wilaya ya Kalamu mjini Kinshasa. Humo mna saluni za kusuka nywele, maduka ya vitenge, muziki, na vyakula kama vile mihogo, samaki wa chumvi na kisamvu, ambacho Wakongo wa mashariki hukiita sombe.

Jina hilo halikutolewa na serikali. Karibu na wakati wa uhuru wa Kongo, nyumba ya wanafunzi iliyoitwa Maison Africaine ilifunguliwa Ixelles. Wanafunzi wakafuatwa na jamaa zao, jamaa wakafuatwa na wafanyabiashara, na kidogo kidogo mtaa ukapata sura mpya. Mtu akiuliza leo, Matonge ni ya nani, jibu la haraka litakuwa: ni ya Wakongo. Hata hivyo, mwanasheria atauliza swali jingine. Nani mwenye hati?

Hapo ndipo tunapohitaji maneno yetu matatu. Kukalia ni kuwa mahali na kupatumia. Mpangaji anakalia duka, ana ufunguo na analala na wasiwasi wa mali iliyomo, lakini yumo kwa ridhaa ya mtu mwingine, na kila anapolipa kodi anakiri kwamba mwenyewe yupo. Kuhodhi ni zaidi ya hapo. Ni kukishika kitu na kukitendea kama mwenye nacho, waziwazi, bila kumtambua mwingine juu yako. Kumiliki ni haki yenyewe, hata kama mwenye haki anaishi mbali na hajakanyaga pale kwa miaka mingi.

Sheria ya Ubelgiji, iliyorithi Kanuni ya Napoleon ya mwaka 1804, inaheshimu sana kuhodhi. Aliyehodhi shamba au nyumba kwa amani, kwa uwazi na bila kukatiza, muda ukitimia anaweza kutambuliwa kuwa mmiliki. Kwa mujibu wa sheria mpya ya mali iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2021, muda huo ni miaka 10 kwa aliyeingia kwa nia njema, na miaka 30 kwa aliyeingia akijua kwamba mali si yake. Wasikilizaji wa Kenya na Tanzania watakumbuka kwamba kwao muda wa kudai ardhi ya mtu binafsi kwa kawaida hukoma baada ya miaka 12.

Lakini mlango huo haumfungukii mpangaji. Akae miaka 10, akae 30, akae 50, hesabu yake haianzi kamwe, kwa sababu stakabadhi zake za kodi zenyewe zinashuhudia kwamba alijua nani mwenye nyumba. Mwenye saluni aliyeujengea jina ushoroba mzima kwa jasho lake, mbele ya sheria hajasogea hata hatua moja kuelekea umiliki wa kuta zake.

Kanuni hiyo si ya ajabu, na haikutungwa kwa ajili ya Waafrika. Bila kanuni hiyo hakuna mtu angethubutu kupangisha chumba. Swali la mwanahistoria ni lingine: je, Ubelgiji yenyewe, ilipokuwa mgeni katika ardhi za watu, ilikubali kupimwa kwa kipimo hicho hicho?

Turudi nyuma hadi Berlin. Mkutano wa mataifa makubwa uliomalizika tarehe 26 Februari 1885 ulitoa hati yenye kifungu cha 35, kilichoyataka mataifa yanayokalia pwani mpya za Afrika yawe na mamlaka ya kutosha ya kulinda haki zilizokwishapatikana na uhuru wa biashara. Kutokana na kifungu hicho ulienea msemo wa ukaliaji wa kweli. Hoja ilikuwa kwamba bendera peke yake haitoshi, ni lazima uwepo. Katika kipimo hicho, kukalia kulizaa haki ya kutawala.

Miezi michache tu baadaye, tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II ilitoa agizo kuhusu ardhi. Agizo lilisema kwamba wenyeji wasinyang'anywe ardhi wanazozikalia, na kwamba ardhi zote zilizo tupu ni mali ya dola. Ukiyasoma upesi, maneno hayo yanaonekana kama ngao ya mwenyeji. Lakini ngao ilikuwa na tundu moja kubwa: ni nani ataamua ardhi ipi ni tupu?

Waliojibu ni maofisa wa dola. Kwao, mwenyeji alikuwa amekalia kijiji chake na shamba lililolimwa mwaka huo. Konde lililopumzishwa ili udongo urudishe nguvu, msitu wa kuwindia, mto wa kuvulia na mapori ya mipira vilihesabiwa kuwa tupu. Mwaka 1891 maofisa waliamriwa kuyakusanya mazao ya pembe na mpira kwa ajili ya dola katika maeneo makubwa ya kaskazini, na kuanzia mwaka 1892 makampuni kama ABIR yalikabidhiwa mapori mapana. Mwanakijiji aliyegema mpira katika msitu wa babu zake na kumuuzia mfanyabiashara huru akaonekana mwizi wa mali ya serikali. Mateso yaliyofuata yanajulikana duniani kote, lakini mzizi wake mmoja ulikuwa tafsiri ya neno kukalia.

Tume ya uchunguzi ambayo ripoti yake ilitangazwa mwaka 1905 iliona jambo hilo. Agizo la tarehe 3 Juni 1906 likapanua maana, likasema ardhi ya wenyeji ni ile wanayoiishi, wanayoilima au wanayoitumia kwa namna yoyote kufuatana na mila zao. Mwaka 1908 Ubelgiji ikaichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ardhi ilikwisha kuandikwa kwa majina mengine.

Kisha historia ikageuza kibao. Tarehe 20 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia Brussels na kuikalia hadi mwezi Novemba 1918. Wabelgiji wakaikimbilia sheria nyingine, kanuni za The Hague za mwaka 1907, zinazosema kwamba jeshi linaloikalia nchi ya adui halipati umiliki wa nchi hiyo. Ni msimamizi wa muda, na majengo ya umma linayatumia tu, si yake. Basi katika Ulaya ukaliaji haukuzaa haki ya kudumu, ilhali katika Afrika ulikuwa umechukuliwa kuwa chimbuko la haki zote.

Katika vita hivyo hivyo, askari wa Kongo ya Kibelgiji waliteka Kigoma na Tabora mwaka 1916. Ubelgiji iliendelea kuikalia Kigoma hadi mwaka 1921, ilipowaachia Waingereza na kubaki na Rwanda na Burundi. Lakini haikuondoka mikono mitupu. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921, Uingereza iliipatia Ubelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, ili shehena za Kongo zipite kwa reli bila kutozwa ushuru. Ubelgiji ikawa mpangaji. Na sikilizeni masharti yake, wasikilizaji wapenzi: upangaji wa milele, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka.

Mpangaji huyo wa Dar es Salaam hakuhitaji kuhodhi wala kumiliki. Neno moja, milele, lilitosha kumpa karibu kila kitu ambacho mwenye mali hukipata. Maeneo hayo, yaliyojulikana kwa jina la Belbase, yalidumu kwa miaka 40 ya utawala wa Waingereza.

Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliliambia Bunge la Tanganyika kwamba nchi yake haitajiona imefungwa na mkataba huo. Hoja yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kisheria. Uingereza, alieleza, ilikuwa Tanganyika kama mdhamini wa muda tu, kwanza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, kisha Umoja wa Mataifa. Mwenye haki ya muda hawezi kumpa mwingine haki ya milele. Kwa lugha ya mtaani, mpangaji hawezi kuiuza nyumba aliyopanga.

Ni kanuni ile ile inayomzuia mwenye saluni wa Ixelles asijiite mwenye jengo. Tofauti ni kwamba safari hii iliwekwa mbele ya dola, na dola ndizo zilizopimwa nayo.

Lakini isidhaniwe kwamba uhuru ulimaliza kitendawili hiki. Nchini Kongo, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya taifa isiyouzika. Ardhi zinazokaliwa na jamii za vijijini ziliingizwa humo, na haki zao za matumizi zikaahidiwa kupangwa kwa amri ya rais. Kwa zaidi ya miaka 40 amri hiyo haikutolewa. Mwanakijiji akabaki anakalia bila kujua kwa haki gani.

Tanzania nako lugha yetu wenyewe inatuficha jambo. Kile ambacho wananchi hukiita hati miliki, katika sheria ya ardhi ya mwaka 1999 ni cheti cha haki ya kukalia, kwa muda usiozidi miaka 99, juu ya ardhi ambayo ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Neno miliki limo katika jina, lakini kilichomo ndani ya karatasi ni ukaaji.

Turejee sasa Ixelles. Mpangaji wa duka hakuachwa uchi kabisa. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 30 Aprili 1951 kuhusu upangaji wa kibiashara inampa mkataba wa miaka isiyopungua 9, na haki ya kuomba kuuhuisha mara tatu, ambayo jumla yake inaweza kufikia miaka 36. Lakini ombi lazima lipelekwe rasmi kati ya mwezi wa 18 na wa 15 kabla ya mkataba kwisha. Anayechelewa, haki imempita. Mkataba uliosajiliwa kwa kawaida humlinda hata jengo likipata mnunuzi mpya. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2019 Mkoa wa Brussels unaruhusu mikataba mifupi isiyozidi mwaka mmoja, ambayo haina kinga hiyo.

Katika mtaa uliopakana na ofisi za Umoja wa Ulaya, ambako majengo yanatamaniwa na wengi, tofauti kati ya karatasi hizo mbili ni tofauti kati ya kubaki na kuondoka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wanakijiji wa Kongo walipoteza misitu kwa sababu daftari lilikuwa mikononi mwa waliolitafsiri neno. Wajukuu wao wa Matonge wanaweza angalau kulisoma daftari lenyewe, kuhesabu miezi, na kuweka sahihi wakijua wanachosaini.

Jina la mtaa ni la watu waliouishi, na hakuna mahakama inayoweza kuwanyang'anya. Kuta ni jambo jingine. Anayezikalia na ajiulize mapema: nimo humu kwa haki gani, na inakwisha lini?