Nairuzi, Programu na Mbegu Zetu

Ukitoka Kampala kuja Mbarara, pale Kayabwe unavuka mstari wa Ikweta. Nakivale yetu, iliyofunguliwa 1958, iko kusini ya mstari huo, haifiki hata nyuzi moja. Kwa hiyo jua linatupitia utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi 20 na Septemba 23. Ukanda wa mvua unalifuata jua, ndiyo maana tunapandaga mara mbili.

Kuhesabu siku hizo ni kazi ya zamani. Waswahili wa pwani walirithi mwaka wa Nairuzi kutoka kwa Waajemi: siku 365, zikihesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi. Mkulima alijua siku ya kupanda, nahodha siku ya kutweka tanga. Shida ni kwamba dunia inazunguka jua kwa siku 365 na karibu robo. Ile robo ikiachwa, mwaka unateleza siku moja kila miaka 4. Waajemi walirekebisha kalenda yao 1079, Omar Khayyam akiwa kati ya wataalamu. Pwani iliendelea na 365 zake. Leo Nairuzi ya Iran ni Machi, ya Makunduchi kule Zanzibar ni Julai.

Mwaka 1991 Mbelgiji Jean Meeus alichapisha kitabu cha kanuni za hesabu za anga. Kwa miaka yetu hii, kanuni zake zinataja wakati wa jua kuvuka Ikweta bila kukosea hata dakika moja. Waandishi wa programu wamezigeuza kuwa laibrari ndogo za programu huria: ni bure, zinahesabu hata bila intaneti, na anayeona kosa anaweza kulisahihisha.

Lakini hesabu ya jua si hesabu ya mvua. Laibrari yenye majira manne ya Ulaya itakuambia Desemba ni mwanzo wa majira ya baridi, kumbe sisi tuko shambani tunavuna maharage. Na tangu mgao wa chakula upunguzwe 2023, mbegu ikioza au kukauka ardhini, ni njaa nyumbani.

Basi ndugu zetu wa mashirika, mkileta kalenda ya kupanda, wekeni pamoja tarehe za jua, utabiri wa mvua na kumbukumbu za wazee wa vijiji. Mtuonyeshe pia imehesabiwaje, ili ikiteleza tuirekebishe wenyewe.