Kwa Nini Baiskeli ya Gia Moja Haijafa

Leo naandika historia ya kinga, yaani baiskeli, sababu kuna swali linazunguka hapa kambini: wahudumu wa afya wakiletewa baiskeli, ziwe za gia nyingi au za gia moja? Wengi wanasema gia moja ni mambo ya kizamani. Mimi sikubali.

Zamani kabisa pedeli zilifungwa kwenye gurudumu la mbele. Ukitaka mwendo, lazima gurudumu liwe kubwa, mpaka likufike kifuani, na ukianguka unaanguka kweli. Mwaka 1885, kule Coventry, Uingereza, John Kemp Starley akatoa baiskeli iliyoitwa Rover: magurudumu yanayokaribia kulingana, na cheni inayopeleka nguvu ya miguu nyuma. Ukiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu. Siri yote ni hiyo. Mwaka 1888 Dunlop akasajili tairi la upepo, na baiskeli tunayoijua ikawa imekamilika.

Gia za kuruka cheni zilikuja baadaye. Hata Tour de France, mashindano makubwa vile, waendeshaji wa timu waliruhusiwa kuzitumia mwaka 1937 tu! Zinataka waya, springi na cheni nyembamba. Vumbi likiingia, au mzigo ukigonga kile kimkono cha nyuma, cheni inaruka hovyo. Kuna za msaada zilikuja hapa na gia 18. Fundi wetu alikata cheni, akaifunga kwenye meno ya aina moja, mengine yote akatupa kwenye ndoo. Yaani amezirudisha 1885, na sasa zinatembea.

Wachina waliliona hilo mapema. Mwaka 1950 kiwanda cha Tianjin kilianza kutengeneza Flying Pigeon kwa kufuata baiskeli za Kiingereza: fremu ya chuma, gia moja, breki za vyuma virefu badala ya waya. Phoenix ya Shanghai, ambayo huku tunaijua zaidi, ni ya ukoo huohuo. Na boda boda za kwanza pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, zilikuwa baiskeli za namna hii, abiria kwenye keria. (Watu wa Goma najua mtaniambia chukudu haina hata pedeli na inabeba makaa. Sawa, lakini kupanda mlima mnaisukuma!)

Mlima ndio shida yenyewe. Waingereza walificha gia 3 ndani ya habu ya nyuma mwanzoni mwa karne ya 20. Nzuri, ila ikiharibika si kila fundi anaweza kuifungua. Siku hizi World Bicycle Relief, walioanza 2005, wana Buffalo ya gia mbili: cheni mbili, bila waya, unabadilisha kwa kurudisha pedeli nyuma kidogo. Kwa wahudumu wanaopanda vilima hiyo naiunga mkono. Wengine wote wapewe gia moja, na pesa itakayobaki inunue tyubu, spoku na cheni za akiba, baada ya kumuuliza fundi ni spea zipi zinapatikana sokoni kwetu.