Kutoka "t.d.s." hadi "Kila Saa Nane": Historia ya Lugha ya Cheti cha Dawa

Herufi zinazoandikwa kwenye cheti cha dawa hudhaniwa na wengi kuwa ni za Kiingereza, kumbe ni masalio ya Kilatini. Ile R yenye mkato mguuni ni kifupisho cha neno recipe, yaani "twaa", nayo ni amri ya tabibu kwa mfamasia, mgonjwa hasemeshwi. Vivyo hivyo b.d. ni mara mbili kwa siku, t.d.s. mara tatu, q.d.s. mara nne, na p.r.n. ni inapohitajika. Chuo cha matabibu cha London kilitoa kitabu chake cha dawa kwa Kilatini mwaka 1618. Nicholas Culpeper alipokifasiri kwa Kiingereza mwaka 1649, wakubwa wa kazi hiyo walimchukia mno. Kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza cha 1864 kiliandikwa kwa Kiingereza, lakini vifupisho havikufa, na katika enzi ya ukoloni vikaingia Afrika Mashariki pamoja na dawa zenyewe.

Huku kwetu vilizaa maandishi mengine. Mtoa dawa huandika "1x3" juu ya bahasha, na kwa mdomo husema "kutwa mara tatu". Kutwa, kwa asili, ni kuchwa kwa jua. Ndiyo maana twasema mchana kutwa na usiku kucha. Basi usemi huo ungeweza kuishia magharibi, ilhali tabibu alikusudia mchana na usiku wake. Matumizi yamekwisha kuipanua maana, wala sioni haja ya kuyapinga. Mtego zaidi umo katika ile alama ya kuzidisha. Shuleni 2x3 na 3x2 ni mamoja; juu ya bahasha, ya kwanza ni vidonge viwili mara tatu na ya pili ni vitatu mara mbili. Na aliyefundishwa kwamba 1x3 ni tatu, asipoelezwa, aweza kuvimeza vyote kwa mpigo.

Lakini hatari kubwa haikutoka kwa Kilatini wala kwa hesabu. Imetoka katika tafsiri. Tuchukue Oldonyiro, magharibi mwa Isiolo, penye Wasamburu na Waturkana, ambapo Kiswahili kwa wengi ni lugha ya pili: ya shule, ya soko la mifugo, na ya dirisha la dawa. Mgonjwa wa huko akiambiwa ameze kidonge "kila saa nane", husikia nini? Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu macheo, na saa nane ni wakati jua limekwisha kupinduka. Akimeza kimoja kila siku saa nane, ametii maneno aliyopewa, naye amepata theluthi moja ya dawa. Ikiwa ni kiuavijasumu, vijidudu vyenye nguvu husalia na kuzaana. Kuongeza "baada ya" hakuponyi kitu, maana baada ya saa nane ni alasiri tu.

Hapa yafaa tulitazame upya neno "masaa", ambalo walimu wa sarufi hulikata kwa wino mwekundu. Msemaji wa kawaida asemaye "masaa manane" ametenga muda na wakati, tofauti ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha wazi. Sidai liingizwe kwenye lebo. Nadai tu kwamba kosa hilo lina akili.

"Baada ya chakula" nayo hudhania milo mitatu. Katika boma la wafugaji, maziwa hukamwa asubuhi na jioni, na mchungaji aweza kushinda malishoni bila mlo wa adhuhuri.

Wenye vifupisho wenyewe wameanza kuviogopa. Nchini Marekani, mwaka 2004, hospitali nyingi zilikatazwa baadhi yake, kama vile U ya "yuniti", iliyosomwa mara nyingine kuwa sifuri na kuzidisha kipimo mara kumi. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ibara ya 46 yampa mtumiaji haki ya maelezo ya kumwezesha kunufaika na bidhaa. Mahali pa "kila saa nane", lebo yaweza kusema: kidonge kimoja saa kumi na mbili asubuhi, kimoja saa nane mchana, kimoja saa nne usiku.