Divai Kavu

Divai kavu ni divai ambayo sukari ya zabibu zake imegeuka alkoholi yote, au karibu yote. Hamira hula sukari iliyo katika maji ya zabibu. Ikiachwa imalize kazi yake, utamu hauonekani tena ulimini. Waitaliano huandika secco. Sheria ya Umoja wa Ulaya huruhusu sifa hiyo kwa divai isiyo na mapovu yenye sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, na hata gramu 9 ikiwa uchachu wake unatosha kuifunika sukari hiyo. Mfano mzuri ni Verdicchio, divai nyeupe ya mkoa wa Marche, kando ya bahari ya Adriatiki, iliyopewa jina kwa ukijani wa zabibu zake.

Msomaji anaweza kuuliza kinywaji kitakuwaje kikavu. Kiswahili kina jibu tayari: chai kavu ni chai isiyo na kitafunio, na ugali mkavu ni ugali uliokosa mboga. Kavu hapa haihusu maji. Inasema kilichotarajiwa hakipo, na katika divai kilichokosekana ni sukari. Kusema “divai isiyo tamu” kungekuwa kuitukana, kwa sababu tamu ni chenye sukari na pia ni kinachopendeza. Wanywaji wengi wa Kenya, ambao huiita waini tu, walianza na zile za sukari nyingi, na kwao ukavu huonekana kasoro.

Ukavu huchanganywa na sifa mbili nyingine. Uchachu ni asidi, ile inayojaza mate mdomoni kama ndimu. Ukakasi hufanya kinyume: hukausha ulimi na ufizi, kama ndizi mbichi, na hutoka hasa katika maganda ya zabibu. Divai nyekundu nyingi zina ukakasi. Verdicchio ina mdogo sana, ila uchachu wake ni mwingi, na mwishoni huacha uchungu kidogo kama wa lozi.

Tofauti hizo huonekana vizuri mezani Kitengela, mji wa Kaunti ya Kajiado kwenye barabara ya Namanga. Nyama ya mbuzi hupimwa kwa kilo buchani, huchomwa, hukatwakatwa juu ya ubao na kuletwa na rundo la chumvi pembeni. Vitabu vya Ulaya huagiza divai nyekundu kwa nyama, kwa kuwa protini na mafuta hupunguza ukakasi. Ushauri huo si mbaya, lakini haukuizingatia kachumbari. Nyanya, vitunguu, dhania na ndimu huja katika tonge moja na nyama, na divai yenye uchachu mdogo kuliko chakula chake huwa chapwa. Kinachopaswa kuamua chupa, basi, ni bakuli la kachumbari kuliko ubao wa nyama. Verdicchio huistahimili ndimu, hukata mafuta ya mbavu, na chumvi huipunguzia makali.

Pilipili ni habari nyingine. Alkoholi huzidisha mwasho, na sukari kidogo huupoza. Kachumbari iliyojaa pilipili huhitaji divai yenye utamu kiasi, au maji. Samaki mzima wa kukaanga, aliyekamuliwa limau, hana ubishi: hapo divai kavu nyeupe iko nyumbani. Kwa keki au mandazi yenye sukari haifai kabisa, kwani utamu wa chakula huifanya ionekane chungu na kali kuliko ilivyo.

Divai kavu nyeupe hunywewa ikiwa na baridi ya nyuzi 8 hadi 10 hivi. Barafu ndani ya glasi huizimua. Afadhali chupa nzima itiwe katika ndoo ya maji na barafu kwa nusu saa. Ikipoa kupita kiasi, harufu hujificha na mnywaji hubaki na uchachu peke yake.