Mlinzi wa Maji Njiani: Kutoka Ndiva za Upare Hadi Bomba la Same

Bomba la Same haligandi. Mji wenyewe uko nyuma ya mgongo wa milima. Mawingu ya kutoka Bahari ya Hindi humwaga mvua upande wa mashariki, kule Gonja na Mamba, na yakifika Same hayana kitu. Mvua ya mwaka mzima pale mjini haifiki milimita 600. Ukipanda hadi karibu na kilele cha Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, Julai utatafuta sweta haraka, lakini koki ikifunguliwa maji yatatoka, kama yapo.

Ukitaka kuona maji yaliyoganda, subiri asubuhi isiyo na mawingu uangalie kaskazini-magharibi. Ule weupe wa Kibo ndio barafu iliyo karibu zaidi na sisi. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona kwa mara ya kwanza, aliyekuwa akimwongoza alimwambia tu kwamba ile ni "baridi". Hata leo kwenye kambi ya Kibo, mita 4,700 hivi, hakuna bomba. Wapagazi hubeba maji kutoka chini.

Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa Same namna ya kuzuia bomba la nyumbani lisigande, atacheka. Ila swali hilo lina swali lingine ndani yake, nalo Upare imelijibu tangu kabla ya ukoloni: maji yakitoka chanzoni kwenda kwa mtumiaji, nani anayalinda njiani?

Tuwaangalie kwanza wenzetu wa nchi za baridi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Watu wengi hudhani barafu hupasua bomba pale pale ilipo. Mara nyingi sivyo. Barafu huziba bomba kama kizibo, halafu maji yaliyobaki kati ya kizibo na koki iliyofungwa hubanwa hadi bomba linaachia, pengine mbali kabisa na palipoganda. Ndiyo maana wazee wa kule huwaambia vijana waache koki idondoke tone tone usiku wa baridi kali. Yale matone hupunguza mgandamizo, na maji yanayotembea huchelewa kuganda. Mengine ni kuvisha bomba sponji, kulifukia chini kabisa na kujua koki kuu ya nyumba iko wapi.

Haya yote yanajulikana, na bado Februari 2021 jimbo la Texas, Marekani, liliumbuka. Baridi iliingia, umeme ukakatika kwenye mamilioni ya nyumba, mabomba yakapasuka ndani ya kuta na kwenye dari, na huduma ya maji ikavurugika kwa zaidi ya watu milioni 14. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Kinachouma ni kwamba miaka kumi nyuma, baada ya baridi ya 2011, wataalamu walishaandika ripoti wakishauri mitambo ya umeme ikingwe dhidi ya baridi. Ushauri ulikuwepo. Hakukuwa na aliyelazimika kuufuata, na kila mmoja alidhani mwingine ameshafanya.

Shikilia hilo, tupande milimani.

Mpare wa zamani alikuwa na tatizo la aina yake. Kijito cha mlimani ni chembamba. Ukikielekeza moja kwa moja shambani kwa mfereji wa udongo, maji yananyonywa na ardhi njiani na mwenye shamba la mwisho anaambulia tope. Jibu lao lilikuwa ndiva. Hilo ni bwawa dogo linalochimbwa kwenye mteremko, likazungushiwa tuta la udongo na mawe, na kuwekewa tundu la kutolea maji upande wa chini. Usiku maji yanaingia kidogo kidogo na kukusanyika. Asubuhi tundu linazibuliwa na maji yanatoka kwa kishindo, kwa wingi wa kutosha kufika mbali kabla udongo haujayamaliza. Yule mwenye koki inayodondoka usiku na huyu mwenye ndiva wote wanaulinda usiku, isipokuwa mmoja anaachia maji na mwingine anayatunza.

Tundu la ndiva halijizibui lenyewe, na hapa ndipo historia inanoga. Lazima awepo mtu wa kuziba jioni, wa kuzibua asubuhi, wa kusema leo zamu ya fulani na kesho ya fulani. Tope linajaa, kwa hiyo lazima watu wengi washuke bwawani na majembe. Kazi hiyo Wapare wanaiita msaragambo: kazi ya wote kwa manufaa ya wote, na asiyetokea anajulikana. Juu ya chanzo kuna msitu, na msitu nao ulikuwa na wenyewe. Kila ukoo ulikuwa na mpungi, kichaka kitakatifu cha mizimu ya ukoo, na kulikuwa na mshitu, msitu wa jando. Shoka halikuingia humo ovyo. Mtu aliogopa mizimu, na miti ikabaki imesimama juu ya maji.

Mwanaanthropolojia Michael Sheridan, aliyefanya utafiti Pare Kaskazini, aliandika makala mwaka 2002 katika jarida la American Anthropologist akieleza jinsi watu wa kule walivyofananisha banio la mfereji na tumbo la uzazi. Soma tena hilo polepole. Kwao mahali maji yanapotoka palikuwa mahali pa uzazi wa ardhi, na mwenye kupachezea alikuwa anachezea uzao wa ukoo. Huo ulikuwa ulinzi, na haukugharimu shilingi.

Nisiipambe sana hali ile. Ndiva ilikuwa mali ya ukoo, na asiye wa ukoo aliomba. Wenye mamlaka juu ya maji walikuwa na mamlaka juu ya watu. Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, katika kitabu chake cha 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare, anaonyesha jinsi koo zilivyoshindana, kuhama na kutawalana. Mfumo wa maji uliishi ndani ya siasa hiyo hiyo. Ila ulikuwa na sifa moja: ukiuliza nani anahusika, ulitajiwa mtu.

Uhuru ulipokuja, mambo yakabadilika haraka. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria. Mwaka 1971 serikali ya TANU ikatangaza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ikifika 1991, kila Mtanzania wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Tena bure. Ilikuwa ndoto nzuri, na sina sababu ya kuidhihaki, maana iliwafikiria akina mama waliokuwa wakishuka mabondeni na ndoo kichwani alfajiri. Mabomba yalichimbiwa, matangi yakajengwa. Mwaka 1991 ulipofika, lengo lilikuwa mbali, na miradi mingi iliyojengwa ilikuwa imekauka kwa kukosa matengenezo.

Kwa nini? Fedha, ndiyo. Lakini kuna jambo jingine tusiloliongelea sana. Mfereji uko wazi. Ukivuja, kila anayepita anaona, na jirani anakuita kwa jina. Bomba linaficha maji. Likivuja chini ya ardhi, au likikatwa porini ili ng'ombe wanywe, wa mwisho kujua ni yule anayefungua koki na kusikia upepo. Halafu bomba lilikuwa la serikali, na cha serikali, tunajuana, kinangojewa serikali. Sera ya maji ya 1991 ikaanza kusema wananchi wachangie, na ile ya 2002 ikasisitiza waendeshe. Mwaka 2019 ikaundwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, ukifanya kazi na vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii. Ukitazama kwa makini, tunazunguka kurudi kwenye swali la ndiva: nani anaziba, nani anazibua?

Na milima haisubiri. Novemba 2009 mvua kubwa iliporomosha ardhi kule Goha, Mamba, wilayani Same, na watu zaidi ya 20 wakafariki. Adui wa bomba letu ni ardhi inayotembea, jua linalochoma plastiki iliyolala juu ya mchanga, tope, na mtu mwenye panga. Baridi haimo katika orodha.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa Same-Mwanga-Korogwe, unaochota maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kuyasukuma hadi miji iliyosubiri kwa zaidi ya muongo mmoja. Gharama yake ni takribani shilingi bilioni 300. Safari hii maji ya Same yanatoka tambarare na kupandishwa kwa pampu, kinyume kabisa na ndiva iliyotegemea mteremko. Bwawa lenyewe, lililojengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani, linategemea misitu ya Kilimanjaro na Meru. Mpungi wa bomba hili uko mbali, kwa watu wengine.

Nawatakia watu wa Same maji mengi. Lakini kabla shangwe hazijaisha, kila mtaa unaopitiwa na bomba hilo ujiulize swali dogo ambalo Texas haikujiuliza mwaka 2011: likipasuka saa nane usiku, anapigiwa nani, na yeye anajua koki iko wapi?